Barua ya wazi: Mheshimiwa, tuandikie sababu

Mheshimiwa Kiongozi wetu,

Kwa heshima na taadhima nakusalimu kutoka Kirumba, Mwanza. Jina na cheo chako nimeviacha makusudi. Ninachotaka ni jibu, sitaki kukufedhehesha.

Jumamosi iliyopita semina ya jumuiya yetu ilivunjwa hata dua ya ufunguzi haijaisha. Mada ilikuwa Muislamu, siasa na Katiba. Barua ya taarifa tuliipeleka mapema, ikagongwa muhuri. Waliokuja kututoa ukumbini walisema tunaeneza siasa kali, na kwamba ni maagizo kutoka juu. Mwenyekiti wetu akaomba maandishi. Akaambiwa asijifanye mwanasheria.

Mheshimiwa, wewe ndiye uliyesimama mbele ya masheikh na wachungaji ukaahidi kwamba hakuna kikao cha dini kitakachozuiwa bila sababu kutolewa kwa maandishi. Tulikupigia makofi.

Mimi walinichukua nikahojiwe. Simu yangu mpaka leo wanayo, na namba zote za wateja wangu wa dagaa zimo humo. Mzigo niliokuwa nimeuanika mvua iliunyeshea nikiwa huko, ukaoza, na fedha za mzigo ule nilikopa. Hilo ningelivumilia. Lakini mwanangu ameacha kwenda madrasa kwa sababu wenzake shuleni wanamwita gaidi, na mama yake analia kila jioni. Nani atanisafishia jina hapa mwaloni?

Tunachosema kiko wazi. Chama cha siasa cha dini hatukitaki, na Ibara ya 20 ya Katiba inakikataza. Tunataka Mahakama ya Kadhi kwa mambo ya Waislamu wenyewe: ndoa, talaka, mirathi, wakfu. Ilani ya CCM ya mwaka 2005 iliahidi kulipatia suala hilo ufumbuzi. Mwaka 2015 muswada uliogusa jambo hilo ukaondolewa bungeni. Zanzibar makadhi wapo. Kenya wamo ndani ya Katiba ya 2010. Kulidai hilo Mwanza kunakuwaje ugaidi?

Wanaotupinga wapo, na wengine hofu yao ni ya kweli. Mchungaji mmoja jirani yetu aliniuliza kama kadhi atamhukumu Mkristo. Wapo dada zetu Waislamu wanaohoji fungu la mwanamke katika mirathi, na wazee wa msikitini wanaoona siasa itatugawa. Mchungaji yule na mmoja wa dada hao walikuwa kwenye ratiba ya Jumamosi, Mheshimiwa! Tuliwaalika waje watupinge mbele ya watu. Waliovunja kikao waliwafukuza na wao.

Agosti 2023 maaskofu Wakatoliki walitoa tamko la kupinga mkataba wa bandari kati ya Tanzania na Dubai, likasomwa makanisani. Ilikuwa haki yao, na sisi tuliitetea. Ila sheikh akigusa Katiba, faili linafunguliwa. Nadhani kuna mtu anakuletea taarifa za kutuchafua, labda ili aonekane anafanya kazi. Sina ushahidi, ila sioni maelezo mengine.

Ugaidi tunaujua kuliko wanaotutuhumu. Mei 2016 wauaji waliingia msikiti wa Rahman, Ibanda Relini, hapa hapa Mwanza, wakaua waumini katika swala, imamu akiwa mmojawao. Damu ile ni yetu. Atakayetuambia tunawapenda watu wa namna ile ametukana maiti zetu. Tunajua pia tuhuma inavyoweza kumla mtu. Masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walikaa rumande kwa miaka mingi kwa mashtaka ya ugaidi, kosa lisilo na dhamana, hadi mashtaka yakafutwa Juni 2021. Miaka ile nani kawarudishia? Ndiyo maana neno hilo likitamkwa juu yangu silali.

Simu yangu irudishwe. Semina yetu iruhusiwe, na wapinzani wetu wawepo. Ukipenda njoo wewe mwenyewe ukae mbele usikilize. Na kama yote hayo ni mazito, basi hili moja: tuandikie sababu. Karatasi moja yenye muhuri, inayosema tumevunja sheria ipi, kifungu kipi, ili tuipeleke mahakamani au tuombe radhi. Tuandikie sababu, Mheshimiwa, kama ulivyoahidi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mjumbe wa jumuiya, mfanyabiashara wa dagaa,
Mwaloni Kirumba, Mwanza