Shukrani kwa mama wa meza ya jirani

Mama, jina lako sikuliuliza, na hilo linaniuma mpaka leo. Tulikuwa kwenye ule mkahawa mdogo wa Kichina, baba mwenye mkahawa akisukuma unga, mkewe na watoto wakikunja. Nilikuwa karibu kumtia binti yangu mdomoni xiaolongbao nzima, kile kiandazi cha Kichina chenye nyama ndani kinachopikwa kwa mvuke. Ukanishika mkono: "Ngoja kwanza mwanangu, ndani mna mchuzi wa moto!"

Ukatuonyesha: iweke kwenye kijiko, itoboe kwa meno, mvuke utoke, unywe mchuzi, ndipo uchovye kwenye siki nyeusi yenye tangawizi. Kumbe mchuzi ule hufungiwa ndani ukiwa umeganda, ukayeyukia kwenye mvuke! Ulimi wa mtoto ukasalimika. Nilipogeuka kukushukuru, ulishaondoka. Asante sana, mama.