Kiyeyushi cha safu kichaguliwe kwanza kwenye bamba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongeze neno juu ya makala yenu ya sayansi iliyoeleza kromatografia ya safu ya jeli ya silika, yaani kutenganisha dutu zilizochanganyika kwa kuzipitisha na kiyeyushi ndani ya mrija uliojazwa unga wa silika. Mwandishi alishauri kwamba dutu inayotafutwa ikikawia kushuka, mtu azidishe kiyeyushi chenye nguvu mpaka itoke. Itatoka kweli, ila itaandamana na uchafu uleule uliokusudiwa kubaki nyuma.

Uamuzi wa kiyeyushi kipi kitumike hufanywa kabla safu haijajazwa, kwenye bamba jembamba la silika, ambapo kiyeyushi hupanda na kila dutu huonekana kama doa. W. Clark Still na wenzake, walipochapisha mwaka 1978 njia ya kusukuma kiyeyushi kwa shinikizo la gesi, walipendekeza mchanganyiko unaoipandisha dutu hadi Rf ya 0.35, yaani theluthi moja na ushei ya safari ya kiyeyushi chenyewe.

Tatizo ni kwamba kuifikisha dutu kwenye kimo hicho hakutoshi. Nimekaa na mwanafunzi aliyekuwa na madoa mawili yaliyogandana kwenye mchanganyiko wa heksani na ethili asetati. Kila alipozidisha ethili asetati yalipanda yote mawili, bega kwa bega. Nilimwambia aiache kabisa ethili asetati, atumie dikloromethani, kisha arekebishe vipimo mpaka madoa yarudi kimo kilekile. Safari hii yaliachana, kwa kuwa kila kiyeyushi hushikana na silika na dutu kwa namna yake, na viyeyushi viwili vyenye nguvu sawa vinaweza kupanga madoa kwa mfuatano tofauti. Kubadilisha aina ya kiyeyushi, basi, mara nyingi kuna faida kuliko kubadilisha kiasi chake.

Amini, yaani dutu za naitrojeni zenye tabia ya besi, zina usumbufu wa peke yake: silika ina uasidi kidogo, hivyo huzing'ang'ania na doa likaburuta mkia. Asilimia 1 ya trietilamini, ambayo nayo ni besi, ikichanganywa kwenye kiyeyushi kwa kawaida huukata mkia huo.

Jambo la mwisho, ambalo makala haikuligusa, ni heksani yenyewe. Ikivutwa kwa muda mrefu huharibu neva, kwa sababu mwili huigeuza kuwa heksanidioni. Heptani hufanya karibu kazi ileile juu ya silika bila madhara hayo ya neva. Kwa kuwa huchemka kwenye nyuzijoto 98 badala ya 69, mtu atasubiri kidogo zaidi wakati wa kuikausha.

Wako,
Mkufunzi wa maabara ya kemia