Lami ikipanda, maduka huzama

Mhariri,

Assalamu alaykum. Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie barabara zetu za maduka za Ng'ambo ya mji wa Zanzibar, kuanzia Mlandege na Mikunguni mpaka kule Mwanakwerekwe. Kila ikitajwa habari ya kuzipendezesha, kwanza hutajwa taa, maua na tofali za rangi. Ni vizuri viwepo. Lakini barabara ya maduka huharibika kuanzia chini, na matengenezo yake yaanzie huko huko: usawa wa lami, mtaro na mabomba.

Nyumba za zamani za Ng'ambo zina baraza mbele. Watu hukaa wakazungumza na kucheza bao, lakini baraza ina kazi nyengine pia, nayo ni kukiinua kizingiti juu ya maji ya masika. Lami mpya ikimwagwa juu ya kuukuu, barabara hupanda sentimita 4 au 5. Ukingo wa njia ya miguu kwa kawaida ni sentimita 15. Matabaka mawili yakishapita zinabaki kama 5, ambazo hazizuii maji wala tairi la bajaji. Mwenye duka hujenga kijukuta cha saruji mlangoni kuzuia maji, jirani yake naye hupandisha chake zaidi, na bibi mwenye mkongojo hukuta vidato vitatu vya urefu tofauti ndani ya hatua kumi. Basi huteremka akapita barabarani, katikati ya daladala.

Dawa yake ni kukwangua lami ya zamani kabla ya kumwaga mpya, hata kama gharama inapanda. Na mkataba uandike usawa wa mwisho wa lami kwa kupima kutoka kizingiti kilicho chini kuliko vyote mtaani. Ukipimwa kutoka lami iliyopo, kosa la zamani linarithiwa zima zima.

Sasa mtaro. Mvua ya milimita 50 ikianguka juu ya barabara ya upana wa mita 10, kila mita 100 za urefu hutoa lita 50,000 za maji, na hapo mapaa ya mabati hayajahesabiwa. Mtaro unahitaji mteremko usiopungua nusu sentimita kwa kila mita, na matundu ya kuingizia maji kila mita 15 hadi 20. Chini ya kila tundu liwepo shimo la kina cha sentimita 30 ili mchanga utue hapo usisafiri. Mtaro ulio wazi hugeuka jaa. Uliofunikwa vibaya ni hatari zaidi, kwa sababu uchafu wake hauonekani mpaka siku maji yanapopanda.

Kinachoamua hapa ni uzito wa mfuniko. Slabu ya zege ya sentimita 80 kwa 50, unene 10, ina karibu kilo 96, na watu wawili wenye ndoano huinyanyua. Slabu ya unene huo huo ikifanywa sentimita 80 kwa mita moja na nusu inakaribia kilo 290, hainyanyuliki, na mtaro wake hausafishwi tena mpaka slabu zivunjwe kwa nyundo. Kila slabu iachiwe matundu mawili ya ndoano tangu ikiwa kwenye fomu, yaani kasha la kumwagia zege, na imwagiwe maji siku saba mfululizo. Zege lililokaushwa na jua bila maji hupasuka mapema, kisha nondo hushika kutu kwa hewa yetu ya chumvi.

Kabla ya kufukia chochote, bomba la maji, waya wa umeme na nyaya za simu zihamishwe kwa pamoja, na mirija mitupu ya kupitishia nyaya za baadaye iachwe chini ya kila makutano. Asiyeachiwa mrija leo atakuja na sururu mwakani. Tofali zikishang'olewa na kurudishwa juu ya udongo usioshindiliwa, mvua ya kwanza huacha bonde.

Tofali zenyewe ziwe za milimita 60 pale wanapopita watu, na 80 pale gari inapovuka kuingia uani. Chini yake uwepo mchanga wa sentimita 3 hadi 5 basi, na chini ya mchanga kifusi kilichoshindiliwa kwa matabaka. Fundi asiyesawazisha kifusi huficha mabonde kwa mchanga mnene, na baada ya miezi michache tofali hucheza kama meno mabovu. Ukingo wa zege pembeni ni lazima, la sivyo safu ya mwisho husogea na nyengine zote huifuata. Njia nzima ilale kuelekea mtaroni kwa sentimita 2 kila mita.

Nafasi ipo, ikigaiwa kwa haki. Chukua mtaa wenye mita 14 kutoka baraza hadi baraza. Barabara ya mita 6.5 inatosha daladala mbili kupishana. Kila upande unabaki na mita 3.75: nusu mita mbele ya duka kwa bidhaa za maonyesho, mita 2 za kupita watu zisizowekwa kitu chochote, na mita 1.25 kwa miti, nguzo na wachuuzi. Muuza urojo na muuza matunda wapewe visanduku vilivyochorwa chini ndani ya ukanda huo wa mwisho. Kuwafukuza mara nyingi hakufanikiwi, kwa sababu wateja wao ndio hao hao wanaoshuka daladala. Maegesho ya kutwa yaondoke, na mara nyingi gari linaloziba mlango wa duka tangu asubuhi ni la mwenye duka mwenyewe. Mizigo ishushwe kabla ya saa 3 asubuhi.

Kivuko cha miguu kiinuliwe kifike usawa wa ukingo, lakini tundu la maji liwekwe kabla yake, upande yanakotokea maji. Bila hivyo kivuko kinakuwa boma na bwawa hujikusanya nyuma yake. Kituo cha daladala kiwe mbele ya kivuko, gari ikishakipita, ili daladala iliyosimama isimfiche mtoto wa skuli anayevuka.

Kwa miti nashauri mwarobaini. Mkungu una kivuli kizuri sana, ila jani lake pana huziba tundu la mtaro, na mizizi ya mkrismasi huinua tofali. Shimo liwe mita 1.25 kwa mita moja na nusu, miti ipishane mita 8, na kila mche upate lita 20 mara mbili kwa wiki katika viangazi viwili vya mwanzo. Taa za njia ya miguu ziwe chini ya matawi, mita 4 hadi 5.

Kazi ya kuchimba ifanywe Juni hadi Septemba, masika yakishakwisha na vuli haijaingia, upande mmoja kwa mita 50, na kila duka liwekewe kidaraja cha mbao chenye mkono wa kushikia. Mwezi wa Ramadhani ukiangukia humo, mitaro ifunikwe kabla ya kumi la mwisho, maana ndipo watu wanaponunua nguo za Sikukuu.

Na ndoano za kunyanyulia slabu, jozi mbili kwa kila shehia, zikae kwa sheha tangu siku ya makabidhiano. Usafishaji wa kwanza wa mashimo ya mchanga uwe Februari, kabla mvua haijafika.

Fundi mstaafu wa barabara,
Mpendae, Unguja