Heri ya Chuseok kutoka Yeongju

Jamani ndugu zangu habari za siku nyingi, nyie mlioko nyumbani na wenzangu mliotawanyika Seoul na Busan, leo huku Yeongju, Korea Kusini, ni Chuseok, sikukuu ya mavuno, tarehe 15 ya mwezi wa nane kwa kalenda ya mwezi. Sie wa Pwani kutazama mwezi tumezoea, ila hawa Wakorea hawangoji mwandamo, wanangoja mwezi mpevu, na jioni hii utachomoza kule milimani. Wana msemo wao, isizidi isipungue, iwe kama leo tu, basi ndo dua yangu kwenu, mwaka mzima mshibe na mkutane na watu wenu kama leo.

Asubuhi bibi mwenye nyumba kaniletea sahani ya songpyeon, ni unga wa mchele mpya unafinyangwa kama nusu mwezi, ndani ufuta na sukari, unapikwa kwa mvuke juu ya majani ya msonobari, harufu yake hiyo acha tu. Barabara ya Punggi, mji mdogo ndani ya Yeongju, kimya, hata mashine za kufuma vitambaa vya rayoni leo hazisikiki, ufundi waliokuja nao wafumaji waliohama kutoka kaskazini.

Mtu ninayemuwaza sana leo ni Ju Sebung, aliyekuwa mkuu wa Punggi karne ya 16. Zamani jinseng, mzizi wa dawa, watu walikuwa wanaichimba porini wakapeleke kwa mfalme kama kodi, mateso matupu, yeye ndo anatajwa kuwaanzishia kilimo chake, na mpaka leo mizizi inakaa chini ya vivuli miaka minne mpaka sita ndo inang'olewa, kilimo cha subira kweli. Mwaka 1543 huyohuyo akajenga chuo cha Kikonfusio, cha mafunzo ya Konfusio yule mwanafalsafa wa China, ndo Sosu Seowon ya leo, pale palipokuwa na hekalu la Kibudha, na nguzo mbili za mawe za kutundikia bendera ya hekalu hazikung'olewa, zipo mlangoni hadi sasa, kila nikipita hapo nasimama.

Jioni napanda Buseoksa, hekalu alilolianzisha mtawa Uisang mwaka 676, njia yake imezungukwa na mashamba ya matufaha yanayoiva msimu huu. Kwenye ukumbi mkubwa Budha hakukaa katikati, kakaa upande wa magharibi akitazama mashariki, huko huko mwezi unakotokea. Nikifika nawatumia picha.

Heri ya Chuseok wapendwa!