Kabichi na ndugu zake zihesabiwe jamii moja

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ushauri wa kubadilisha mazao shambani, ambao hutolewa mara kwa mara katika kurasa za kilimo lakini aghalabu huishia njiani. Mkulima huambiwa asirudie kabichi mahali pale pale msimu baada ya msimu, ila haelezwi kwamba sukuma wiki, brokoli, koliflawa, figili na haradali ni za ukoo huo huo, na kwamba anayevuna kabichi kisha akapanda figili hajaunyima ugonjwa chakula chake.

Udugu huu si wa mbali. Kabichi, sukuma wiki, brokoli na koliflawa ni spishi moja tu, Brassica oleracea, ambayo wakulima waliichagulia mbegu kwa karne nyingi, hawa wakitafuta majani, wale wakitafuta vichwa vya maua yasiyochanua. Mwenye shaka aiache mimea michache itoe maua: kila ua lina petali nne zilizokaa kimsalaba na stameni sita (vijiti vya ua vyenye chavua), nne ndefu na mbili fupi. Ua la figili na la haradali ni hivyo hivyo.

Ugonjwa unaonitia wasiwasi zaidi ni uvimbe wa mizizi, unaoletwa na kimelea kiitwacho Plasmodiophora brassicae. Mmea hunyauka jua la mchana ilhali udongo una unyevu, na jioni ukadhaniwa umepona; ukiung'oa, mizizi iliyopaswa kuwa myembamba utaikuta imevimba na kujipinda kama tangawizi. Vijimbegu vya kimelea hicho huweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10 vikisubiri mzizi wa ukoo huo, hata ukiwa wa haradali-mwitu, gugu ambalo wengi huliacha pembezoni mwa shamba. Chokaa katika udongo wenye asidi hupunguza makali yake, lakini haiumalizi.

Kwa hiyo naomba makala zenu zitaje jamii za mimea, si mboga moja moja, na zieleze waziwazi kwamba baada ya kabichi zifuate mahindi, maharage au vitunguu kwa misimu kadhaa. Zisisahau pia kumhimiza mkulima asafishe jembe na viatu kabla ya kuhamia shamba jingine, kwa sababu tope lililoganda hapo hubeba vijimbegu hivyo.

Wako,
Mkulima wa mboga