Usiinywe hiyo dawa, Zainabu

Mwanangu Zainabu,

Assalaam aleikum. Huku Arua hatujambo, ila tangu ulipopiga simu usingizi umenikataa. Huyo anayesema una majini kwa kuwa unaona herufi kwa rangi, akakupa na chupa ya mizizi, usiinywe dawa yake. Imwage.

Hali yako inaitwa sinesthesia, na si ugonjwa. Daktari Georg Sachs aliandika habari za hali hiyo, yake mwenyewe, mwaka 1812. Wapo wanaosikia muziki wakaona rangi. Wapo wanaotajiwa neno wakapata ladha ulimini, na wengine wakiona mtu anaguswa shavu, nao huhisi kuguswa. Watafiti hukadiria watu kama 4 katika kila 100 wana aina mojawapo.

Kuhusu chanzo wataalamu wanabishana. Mwaka 2001 watafiti wa ubongo Ramachandran na Hubbard walieleza kwamba sehemu ya ubongo inayotambua herufi imepakana na ile ya rangi, na huenda mishipa ya fahamu kati yao imezidi, hivyo ya kwanza ikiamka huiamsha ya pili. Wengine wanasema mishipa ni ileile tuliyo nayo sote, ila kizuizi chake kimelegea. Tena hufuata ukoo: mwandishi Vladimir Nabokov aliona herufi kwa rangi, na mama yake vilevile. Hata mimi miezi naiona imenizunguka, Juni mkono wa kulia, Desemba wa kushoto. Baba yako hajui. Ungeuliza ningekuambia.

Wewe uliyewashinda kaka zako wote kwa hesabu, unakubalije kupewa chupa isiyo na hata karatasi ya jina? Kama rangi zingekuanza ghafla ukubwani, au baada ya kuumia kichwa, ningekuambia nenda hospitali leo hii. Zako unazo tangu utotoni. Usinywe kitu, nakusihi. Na usiache kusali.

Pesa ya hosteli baba yako ataituma akishauza simsim. Mbuzi mweusi amezaa mapacha, bati la jiko bado linavuja. Samaki wakavu wanakuja na basi la usiku. Wawahi wasipate unyevu, na kikapu umrudishie kondakta, ni cha jirani.

Mama yako