Kabla Hatujachora Bodi ya Tochi Yako

Ombi tunalolipokea kuliko mengine yote ni hili: "Nataka tochi yangu iwake zaidi." Mteja ana LED nzuri na betri ya 18650 yenye nguvu, amevifunga kwenye mwili wa tochi anayoipenda, lakini mwanga haumridhishi. Au unamridhisha dakika mbili tu, kisha mwili unachemka na mwanga unaanza kugeuka samawati. Mara nyingi LED haina kosa, na betri haina kosa. Tatizo liko kwenye kibao cha duara kilichofichwa kati yao, ambacho sisi wapenzi wa tochi tunakiita draiva. Kazi yetu ni kukichora upya kwa ajili ya tochi yako na kukiandikia programu.

Betri ya lithiamu iliyojaa ina volti 4.2, na huteremka hadi karibu volti 3 inapokwisha. LED inachohitaji ni mkondo uliopimwa. Chukua Cree XM-L2, ambayo bado tunaletewa sana. Kikomo chake kwa mujibu wa mtengenezaji ni ampea 3, na ikikaribia hapo hukaa kwenye volti 3.3 hivi. Ongeza volti kidogo tu, mkondo unapanda sana. Ukiiunga moja kwa moja na betri, kinachouzuia mkondo ni ukinzani wa waya, springi na swichi, basi. Ndiyo maana tochi mbili zenye vifaa vilevile hutoa mwanga tofauti, na moja huungua mapema.

Dawa nyepesi ni chipu ya AMC7135. Kila moja hupitisha miliampea 350, na ukizipanga nane sambamba unapata ampea 2.8 zisizoyumba mpaka betri ikaribie volti za LED yenyewe. Tunazipenda kwa sababu ni ngumu kuziharibu na mtu anayejifunza anaweza kuzilehemu kwa mkono. Gharama yake ni joto. Betri ikiwa na volti 4.1 na LED ikitumia 3.3, zile 0.8 zilizobaki zinageuka joto ndani ya chipu: zaidi ya wati 2 kwenye kibao chenye kipenyo cha milimita 17. Kwa hiyo tunaacha shaba pana chini ya chipu, tunatoboa vitundu vingi vya kuvusha joto upande wa pili, na ukingo wote wa bodi tunauacha shaba wazi ili ulehemiwe kwenye mwili wa tochi. Bodi iliyobanwa tu bila kulehemiwa haipoi vizuri, hata ichorwe kwa ustadi gani. Na kama tochi yako inabeba betri mbili mfululizo, chipu hizi hazifai kabisa. Hapo tunahamia kwenye draiva ya koili, inayoshusha volti bila kuzigeuza zote joto, ambayo ni ghali zaidi na inahitaji nafasi ya kimo ndani ya kichwa.

Wapo wanaotaka mosfeti, transista inayofungua njia bila kupima mkondo, yaani betri iachiwe imwage yote. Tunaiweka, lakini hatukubali kuiweka peke yake, na sababu kubwa ni mwanga mdogo.

Chipu inayobeba programu, yaani kompyuta ndogo ya bodi, inapunguza mwanga kwa kuwasha na kuzima haraka, zaidi ya mara 15,000 kwa sekunde, na jicho linaona wastani. Katika chipu hizo zikiwa ndogo, za biti 8, muda huo hugawanywa kwa hatua 255. Sasa piga hesabu: kama mosfeti inapitisha ampea 5, hatua ya kwanza kabisa ni wastani wa miliampea 20. Ukiamka usiku kumtazama mtoto, mwanga huo ni mkali mno. Tukiongeza AMC7135 moja kama njia ya pili, hatua ya kwanza inakuwa miliampea 1.4 hivi, mwanga wa kusomea saa bila kuamsha mtu. Programu inaanza na njia ndogo, inaijaza, ndipo inafungua kubwa.

Tena jicho haliongezi mwanga kwa hesabu iliyonyooka. Kutoka hatua ya 1 kwenda ya 2 mwanga umeongezeka maradufu na unaonekana umeruka. Kutoka 254 kwenda 255 hakuna atakayetambua. Tukigawa hatua sawasawa, tochi itaruka kwa ghafla chini na kuonekana imeganda juu. Hivyo tunaandika jedwali la ngazi zinazopanda polepole mwanzoni na kwa kasi baadaye, kisha tunalipima gizani kwa macho. Kazi hii haionekani kwenye picha ya bodi, lakini ndiyo itakayokufanya uipende tochi yako ukiishika kila usiku.

Jambo ambalo hatulifanyii mzaha ni ulinzi wa betri. Betri ya lithiamu ikinyonywa chini ya volti 2.5 huharibika ndani, na kuichaji tena ni hatari. Programu zetu hupunguza mwanga kwa hatua betri inapoishiwa, kisha huzima ikifika karibu volti 3. Ugumu ni kwamba chipu kama ATtiny85 hupima volti kwa kulinganisha na kipimo chake cha ndani cha volti 1.1, na mtengenezaji mwenyewe anasema kipimo hicho kinaweza kuwa popote kati ya 1.0 na 1.2. Chipu mbili kutoka mkanda mmoja zinaweza kuisoma betri ileile tofauti: moja izime mapema, nyingine ichelewe. Kwa hiyo kila bodi tunaiunga na umeme tuliokwisha kuupima kwa multimita, tunasoma chipu inaona nini, na tunaiandikia marekebisho yake yenyewe. Kipimajoto cha ndani tunakisahihisha vilevile, kwa sababu kikitoka kiwandani kinaweza kukosea nyuzi 10.

Kama swichi yako ni ya kielektroniki, yaani kitufe kinachoiagiza chipu badala ya kukata waya, fahamu kwamba chipu haizimiki kabisa ukizima tochi. Yenyewe hula kidogo sana, ila michoro ya zamani ina rezista mbili za kupimia volti zinazonyonya betri usiku na mchana. Tuliyoikuta mara nyingi, ya kilo-omu 22 na 4.7, hula karibu miliampea 0.16. Sisi tunaziondoa, chipu inaweza kupima umeme wake yenyewe bila hizo. Swichi ya mkiani inayokata waya haina shida hii.

Upande wa programu, tochi ya swichi ya kielektroniki kwa kawaida tunaipa Anduril, programu huria ya tochi: bonyeza iwake, shikilia ipande au ishuke taratibu, na ukibonyeza mara tatu ikiwa imezimwa inakuhesabia volti za betri kwa kuwaka na kuzima. Leseni yake ni GPL, inayotutaka tukupe msimbo pamoja na mabadiliko yetu. Tunakupa kwa furaha. Asiyetaka mambo mengi tunamwandikia programu ya ngazi tatu, na hiyo inatosha hata kwenye ATtiny13A yenye kilobaiti 1 ya kumbukumbu. Vyovyote vile tunaacha pedi za kuprogramu nyuma ya bodi, sita kwa ATtiny85, tatu kwa ATtiny1616, uweze kubadilisha baadaye bila kung'oa chipu.

Ukituletea kazi, pima kwanza kwa kalipa: kipenyo cha sehemu inapokaa bodi, kina chake, na nafasi iliyopo juu na chini. Milimita 17 na 17.3 si kitu kimoja. Moja inaingia, nyingine haiingii. Tuambie LED gani, betri gani, swichi iko wapi, na tochi unaitumia kwa kazi gani. Kama ni ya Tanga, Mombasa au Unguja, sema, tuipake bodi vanishi dhidi ya hewa ya chumvi. Tazama pia bamba lililo chini ya LED: kama ni la alumini lenye tabaka la kuhami, tutakushauri la shaba ambalo LED inaligusa moja kwa moja, na ni afadhali ulinunue hilo kabla ya kutulipa sisi.

Bodi tupu zinatengenezwa Shenzhen, na viwanda vya huko huanzia tano. Ukiagiza moja, nne zinazobaki ni zako na tunakupa pamoja na faili za mchoro. Ukitaka mojawapo tuijaze vipuri iwe akiba, sema wakati wa kuagiza, maana vipuri tunanunua mara moja kwa kila kazi.